Wangapi Wanakula Hapa?

Ninafundisha sayansi za jamii katika chuo kimoja cha diploma hapa Tororo, mwendo mfupi wa teksi kutoka mpaka wa Malaba. Wanachuo wangu wengi wanasomea ustawi wa jamii. Wakimaliza, wachache wataajiriwa na wilaya kuwa maofisa maendeleo ya jamii, mmoja mmoja atapata nafasi ya kusimamia parishi, yaani kundi la vijiji katika utawala wa serikali, na waliobaki watazunguka nyumba kwa nyumba na hojaji za watu wengine, wakilipwa kwa siku, mpaka Mungu afungue mlango. Hiyo kazi ya kuzunguka naijua, niliifanya kabla ya kushika chaki. Ndiyo maana somo langu la mwaka wa kwanza halianzi na Durkheim wala Weber, wale waasisi wa sosholojia. Linaanza na swali ambalo darasa zima huliona la kitoto: kwenye nyumba ile pale, kuna kaya ngapi?

Huwa wanacheka. Kaya ni kaya, Madam: baba, mama na watoto. Hakosekani mmoja aliyesoma mbele kidogo, akasimama na kusema kaya ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Jibu zuri, namwambia. Liandike hivyo hivyo kwenye mtihani na alama zako utapata. Kisha nawagawa wawili wawili na kuwapeleka mtaa wa vyumba vya kupanga nyuma ya stesheni ya reli, baada ya kupiga hodi kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Kila safu ya vyumba inahesabiwa na jozi mbili, na ni mwiko jozi moja kuchungulia daftari la nyingine.

Mara ya mwisho safu moja ya vyumba kumi ilirudi na kaya kumi kwa jozi ya kwanza, na saba kwa jozi ya pili. Wale wa kumi walihesabu milango. Wale wa saba walifika jioni, wakahesabu sigiri zilizowashwa nje. Darasani maneno yakawa mengi. Ikabainika kwamba vyumba viwili vya mwisho vimepangwa na mama mmoja, kimoja chake na cha pili cha wanawe wakubwa, na wote wanakula kwake. Chumba cha nne wanakaa vijana wanne wa bodaboda, kila mmoja anakula rolex yake, chapati ya kukunjia mayai, barabarani. Ndani hamna hata kikombe. Hao ni kaya moja, ni nne, au hawapo? Chumba cha sita ni cha dereva wa lori anayelala hapo siku mbili kwa wiki. Ana mke Bugiri na, majirani walisema kwa sauti ya chini, mwingine upande wa pili wa mpaka.

Jibu siwapi. Nawauliza swali jingine: mnahesabu ili iweje? Kama tunapanga bomba la maji, nataka kujua vichwa vinavyooga pale asubuhi, na dereva wetu akiwa safarini hanihusu. Kama tunapanga mikopo, nataka kujua nani anaamua pesa iende wapi, na hapo wale wanne wa bodaboda ni wanne kweli kweli. Kama ni vyandarua, nataka kujua nani analala wapi usiku. Tarakimu haiwi sahihi au kosa mpaka ujue imetumwa kazi gani. Nikifika hapo kuna wanaoanza kuandika na kuna wanaotazama saa.

Swali hili sikulitoa kitabuni. Nimekulia baraksi za polisi. Baba alikuwa konstebo, Mualur wa Nebbi; mama ni Mgisu wa kule milimani Mbale. Walipooana, lugha waliyoelewana ilikuwa Kiswahili tu, na ndicho sisi watoto tulichokinyonya. Uhamisho wa baba ndio uliokuwa kalenda yetu: Soroti, kisha Jinja, kisha Tororo, na kila mahali nje ya geti kulikuwa na lugha nyingine ya kujifunza kabla hujapata mtu wa kucheza naye.

Jinja tuliishi kwenye unipot, zile nyumba za bati za duara ambazo askari wanaziita mama ingia pole, na kweli usipoingia pole unaacha ngozi ya paji la uso mlangoni. Mchana ndani kunachemka. Alfajiri bati linadondosha majasho ya waliolala. Yetu tuligawana na familia ya askari mwingine. Katikati lilining'inia pazia, shuka la kijani lililotobolewa juu na kupitishwa waya. Upande huu kitanda cha wazazi na mkeka wetu, upande ule vivyo hivyo. Ukipiga chafya huku, unaambiwa pole kule.

Nje kulikuwa na majiko mawili, la mama na la mama jirani. Mshahara ukitoka, yote mawili yanawaka: huku samaki, kule nyama, na sisi watoto marufuku kukodolea sufuria ya wenzetu. Wiki mbili zikipita, mkaa unapungua. Mama anabisha hodi kwenye pazia, yaani anaisema tu kwa mdomo maana shuka haligongeki, wanaongea chini chini, na jioni ile jiko moja linawaka. Sufuria moja ya posho, yaani ugali, maharage ya pamoja, watoto wa pande zote kwenye sinia moja. Mshahara ukichelewa, na ulikuwa na tabia hiyo, tunakaa hivyo hata mwezi. Kisha siku askari wanapanga foleni kwa mlipaji, sufuria zinaachana tena bila mtu kumnunia mtu.

Lakini kwenye daftari la nyumba za baraksi, unipot ile ilikuwa na jina moja na namba moja: konstebo aliyetangulia. Sisi tuliokuja baadaye hatukuandikwa. Baba alikuwa akitania kwamba nyumba ikishika moto, tutaungua bila kibali.

Nilipofika Makerere kusoma sosholojia, mhadhiri aliandika ubaoni maana ya kaya, paa moja na chungu kimoja, nikanakili kama wenzangu. Pembeni nikaandika kwa kalamu ya risasi: tarehe ngapi? Ile karatasi ilishapotea, ila swali bado ninalo, na karibu kila ninachofundisha kimetoka humo.

Makerere yenyewe nitaipitia haraka, maana wengi wameisimulia vizuri kuniliko. Ilianza 1922 kama shule ya ufundi, na tangu 1948 ina taasisi ya utafiti wa jamii ambayo maktaba yake ilinifaa kuliko bweni langu. Humo ndimo nilimosoma habari za kodi ya kibanda. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa mwaka kwa kila kibanda anachoishi mtu. Sasa kama serikali inahesabu vibanda, wewe ungefanya nini? Walifanya hivyo hivyo: walisongamana. Waliokuwa wakilala kwenye vibanda viwili wakajibana kwenye kimoja, na haikuchukua muda serikali ikaongeza kodi ya kichwa ili kuwanasa wanaume wasio na kibanda chao. Anayeangalia orodha za miaka ile bila kujua hilo anaweza kudhani watu walipenda sana kukaa pamoja. Niliyasoma haya nikacheka peke yangu maktabani, mtunza vitabu akanikata jicho.

Baada ya shahada nikaanza kuzunguka. Kazi ya huyu, kazi ya yule: vyoo, mahindi, chanjo, mikopo ya wanawake. Mashariki nimeikanyaga kutoka Busia hadi Katakwi, na viatu vyangu vimekaa matope ya kila rangi. Huko ndiko nilikoelewa kwamba mtu hajibu swali ulilomsomea. Anajibu mradi anaoudhani umejificha nyuma ya swali.

Fika wakati wa kugawa vyandarua, kimoja kwa watu wawili, uone nyumba inavyojaa. Binamu yumo, shangazi aliyekuja kutembea yumo, mtoto aliye bweni yumo na anataka alale upande wa dirisha. Fika wakati wa pesa za parishi, huu mpango wa serikali uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka na mkopo usiozidi milioni 1 kwa kaya. Ghafla boma moja lina kaya tatu, na kijana ambaye ndevu hazijakaza amekuwa mkuu wa kaya kwenye chumba kilicho nyuma ya jiko la mama yake. Na ukija na sauti ya mtoza kodi, wote wamesafiri. Kodi ya vichwa iliyokuwa ikitozwa kwa viwango ilifutwa 2005, lakini wazee wanakumbuka vizuri walivyolala mashambani mchana kukwepa msako wake.

Wanachuo hupenda kuhitimisha kwamba wanavijiji ni waongo. Hapo huwa nakuwa mkali. Hebu fikiria mama wa miaka hamsini na kitu kule Pallisa. Amepitiwa na Entandikwa, mikopo ya serikali ya miaka ya 1990. Ikaja NAADS, mpango wa ushauri wa kilimo, kuanzia 2001, wakaandikwa vikundi. Ikaja Operation Wealth Creation, wanajeshi wakashusha miche, mingine msimu wa kiangazi. Ikaja Emyooga 2019, akaambiwa ajiunge na watu wa kazi yake. Sasa ni pesa za parishi. Kila moja ilimjia na karatasi, na kila karatasi ilimuuliza idadi ya watu wake. Mtu huyo anajua kusoma hojaji kuliko aliyeiandika. Anakuangalia viatu, anaangalia nembo ya fulana yako, anaangalia kama mwenyekiti ametangulia mbele au amefuata nyuma, halafu ndipo anaamua ana watoto wangapi. Huo si uongo. Ni hesabu, na mara nyingi ni nzuri kuliko yetu.

Kwa sababu hiyo daftari la fildi la wanachuo wangu lina kurasa mbili kwa kila nyumba. Kulia wanaandika majibu. Kushoto wanaandika mambo yaliyoyazaa majibu hayo: walivaa nini, waliongozana na nani, ilikuwa saa ngapi, walikaribishwa kwenye kiti, mkeka au walisimama, nani mwingine alikuwa akisikiliza, na zaidi ya yote, mwenyeji aliwauliza nini kwanza. Swali la kwanza la mwenyeji ni dhahabu. "Mmetumwa na nani?" "Mtatuletea nini?" "Mbona hamkwenda kwa fulani?" Ukurasa wa kushoto naupa alama nyingi kuliko wa kulia, na huo ni ugomvi wetu wa kudumu. Kuna msichana aliwahi kuniandikia kushoto sentensi moja tu: "Mzee alijibu yote vizuri mpaka mkewe alipotoka nje na kukaa, baada ya hapo ng'ombe walipungua wawili." Nilimpa alama zote.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2024 ndio uliokuwa usiku wa sensa, na wachache kati ya wanachuo wetu walipata ukarani. Walipewa tableti na kanuni: unahesabu waliolala pale usiku ule. Mmoja alirudi na kisa cha nyumba moja huko vijijini. Bibi, wajukuu wanne, nyumba ya matofali iliyopakwa rangi, sola juu ya paa. Mama wa watoto yuko Riyadh, kazi za ndani. Karo, sukari, dawa za bibi, mabati, vyote vinaingia kwa simu kila mwezi. Bibi alipoulizwa mkuu wa kaya alijitaja mwenyewe. Mtoto wa tatu akadakia: mama yupo, ila analala kazini. Kanuni ni kanuni, na karani alifanya kama alivyofunzwa. Mama hakuingia kati ya waliolala pale. Matokeo yalipotoka nikaandika ubaoni milioni 45.9, idadi ya watu wa Uganda, nikamwomba asimulie tena kisa kile. Sikuongeza neno. Kuna kipindi mwalimu anatakiwa akae pembeni, jambo ambalo, wanaonijua watakwambia, linanishinda.

Nisieleweke kwamba nawafundisha kudharau takwimu. Wapo walimu wa somo letu wanaodhani ukosoaji ni kutikisa kichwa mbele ya kila jedwali. Mimi nataka mwanachuo anayeweza kujenga jedwali usiku kucha na kulitetea asubuhi, huku akijua ni nani amekaa nje yake. Wilaya haiwezi kupanga zahanati kwa hadithi.

Kuna somo lingine ambalo baraksi hazikunifunza. Tulikwenda Bombo, wilaya ya Luweero, mji ambao Wanubi wamekaa vizazi na vizazi, na Kinubi chao na Kiswahili pia. Wazee walitupokea kwa chai ya tangawizi, tukazungumza mpaka adhuhuri, mimi nimejiona nimefika kwetu. Mchana tukaenda kijiji cha Waganda kisicho mbali na hapo. Mwanachuo wangu mmoja, kijana mrefu wa Arua, kanyoa kipara, akamwamkia bibi aliyekuwa akianika kahawa: "Shikamoo bibi, habari za hapa?" Sauti nzuri, adabu zote. Bibi akaitika, akakusanya kanga yake, akaingia ndani. Hakutoka. Mjukuu akaja kutuambia kwa upole kwamba jajja amechoka.

Kijana aliumia. Alidhani kakosea salamu. Nikamweleza njiani, tena kwa Kiswahili hicho hicho: vita vya 1981 hadi 1986, kati ya serikali na waasi wa Museveni, vilipita hapa, na askari waliokuwa kwenye vizuizi walitoa amri kwa lugha gani? Misako ile mpaka leo watu wanaiita panda gari. Kwangu Kiswahili ni pazia la kijani na sinia la posho. Kwa bibi yule ni buti mlangoni. Kesho yake tulirudi na msichana anayesema Kiganda. Alipiga magoti kusalimu, akasaidia kugeuza kahawa, hakufungua daftari. Bibi alizungumza mpaka jua likainama, na sehemu kubwa ilikuwa bei ya kahawa, si vita.

Katiba ilikifanya Kiswahili lugha ya pili rasmi tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Nilishangilia kama yeyote aliyezaliwa nacho. Lakini lugha kuwa kwenye sheria hakumfanyi bibi atoke nje. Kwenye ukurasa wa kushoto sasa kuna mstari wa nyongeza: ulisalimu kwa lugha gani, na uso wa mtu ulifanya nini.

Darasa langu lenyewe lina kila kitu. Nina Wajapadhola na Wateso ambao wakianza mjadala wa kugawa wilaya ya Tororo lazima nifungue madirisha. Nina Wasamia wenye shangazi pande zote za mpaka. Nilikuwa na kijana Mkongomani aliyekulia Nakivale, kambi kongwe ya wakimbizi kule Isingiro, na Kiswahili chake cha Bukavu kiliwachekesha wenzake mpaka walipozoea. Siku ya mjadala wa kaya alinyamaza kipindi kizima, kisha akaeleza polepole maana ya kadi ya familia: idadi iliyoandikwa pale ndiyo inayoamua chakula. Tangu 2023, msaada ulipoanza kupangwa kwa makundi kufuatana na hali ya kila familia, idadi na umri wa waliomo vimekuwa mazungumzo ya kila jioni. Alisema ana kaka ameoa, ana mtoto, na bado yuko kwenye kadi ya mama yao, kwa sababu kujitenga ni kupanga foleni upya na hujui utaangukia kundi lipi. Waliokuwa wakimcheka lafudhi wakafungua madaftari. Mimi nilikuwa nimeandaa mhadhara juu ya mada hiyo hiyo, nikaurudisha kwenye mkoba.

Sasa nisijisifu kana kwamba wote wanaupenda ufundishaji huu. Kila mwaka, kati ya wiki ya tatu na ya tano, wajumbe huenda kwa mkuu wa idara. Lalamiko halibadiliki: Madam hafundishi, anatuuliza maswali tu. Notsi ziko wapi? Na mimi nawaelewa. Mtoto aliyenakili ubao tangu darasa la kwanza, akafaulu kwa kunakili, ukimwambia leo kwamba anachokijua juu ya jiko la mama yake ni elimu, anahisi unamchezea. Wapo waliolipiwa karo kwa ng'ombe aliyeuzwa, na mtihani ni huo huo wa kuandika maana na sifa tano. Simdharau anayekariri; kukariri kumevusha wengi, mimi mmojawapo. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka miradi na kazi za vitendo, na waliofanya mtihani wa kwanza wa mtaala huo 2024 bado hawajanifikia kwa wingi. Nawasubiri kwa hamu, na kwa mashaka kidogo, kwa sababu nimesikia miradi nayo imeanza kunakiliwa.

Tulielewana na mkuu wa idara hivi: nusu saa ya mwisho ya kila kipindi ni ya notsi. Nazisoma taratibu, na nukta na mkato, maana zote za kitabuni, wanaandika kimya kama kanisani. Naona sura zao zinavyotulia. Kusema kweli na mimi napumzika.

Durkheim anaingia wiki ya sita. Mwaka jana nilikuwa nikieleza utafiti wake wa 1897 juu ya watu kujiua: jinsi alivyochukua kumbukumbu za serikali za nchi za Ulaya, akalinganisha Wakatoliki na Waprotestanti, waliooa na wasiooa, akaonyesha kwamba jambo tunalolidhani la mtu binafsi kabisa lina sura ya jamii nzima. Ni kazi kubwa na huwa naifundisha kwa heshima. Kijana mmoja wa nyuma, asiyesema sana, mtoto wa fundi baiskeli wa Mulanda, akanyoosha mkono. "Madam, hizo kumbukumbu nani aliziandika?" Nikamwambia ni maofisa wa serikali. "Waliulizia wapi?" Kwa familia, kwa madaktari. Akafikiri kidogo. "Sasa kama kwa Wakatoliki aibu ni kubwa zaidi na padri anaweza kukataa kumzika marehemu, si familia itasema alianguka kisimani?"

Darasa likageuka kumtazama. Wanazuoni wa Ulaya na Marekani walijenga majina yao juu ya pingamizi hilo, miongo kadhaa baada ya Durkheim kufariki, na huyu kalitoa kwa sababu wiki mbili nyuma alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mtu akihesabu ng'ombe waliopungua. Nikafunga kitabu. Tukajadili kipindi kizima: nani anaficha, anamficha nani, je, kuficha kwenyewe si sura ya jamii ambayo Durkheim angeipenda, na kama kumbukumbu zimepinda, hoja yake inasimama au inaanguka? Wengine walisema inasimama kwa mguu mmoja. Kengele ikalia tukiwa katikati, wakatoka wakibishana mpaka kwenye foleni ya maharage.

Notsi za siku ile sikuzitoa. Jumatatu nikasikia wajumbe wamerudi kwa mkuu wa idara, na safari hii aliyewaongoza ni yule yule wa swali la padri.